Ihsani kwa Wazee Yataka Mpango: Mafunzo Kutoka Nchi za Asia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa utoto na ujana na uzee. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Hapana Mwislamu asiyejua kwamba kuwafanyia wema wazazi ni faradhi. Mtoto mdogo wa chuoni huambiwa mapema ya kuwa katika Surat Bani Israil, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameamrisha Aabudiwe Yeye peke Yake, na papo hapo Akaamrisha wazazi watendewe wema, na Akakataza mzazi aliyefikia uzee asiambiwe hata neno dogo la kuonyesha kuchokwa. Amri hii twaijua. Tusichokijua vyema ni namna ya kuitekeleza siku baada ya siku, pengine kwa miaka kumi au zaidi, kwa mzee aliyepooza upande mmoja, au asiyemtambua tena mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Sisi watu wa mwambao twapenda kujisifu kwamba hatuwatupi wazee wetu. Ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tukiingia ndani ya nyumba zetu na kutazama kwa insafu, mara nyingi twaona ya kuwa mzee hakutupwa, ila ametupiwa mtu mmoja. Mtu huyo ni binti aliyebaki nyumbani, au mke wa mtoto wa kiume. Wengine huleta pesa kidogo, na huja siku ya Idi. Jambo hili yafaa tulizungumze, na ili tulizungumze kwa faida, natutazame khabari za nchi za Asia ambazo wazee wao walizidi kabla ya wetu, na ambazo zimelazimika kufikiri sana juu ya neno hili.

WAZEE WALIPOKUWA WENGI

Nchi iliyotangulia ni Japani. Mwaka 1963 serikali ya huko ilitoa sheria ya kuwaangalia wazee, na ikaanza kuwahesabu watu waliotimiza miaka 100. Nchi nzima walipatikana 153 tu. Mwaka 2024 hesabu hiyo ilipita 95,000, na wengi mno katika hao ni wanawake. Leo katika kila Wajapani kumi, karibu watatu wametimiza miaka 65.

Umri mrefu ni neema. Walakini kila neema ina haki yake, na mtu aishiye miaka 90 huenda akaihitaji mikono ya wenzake kwa muda mrefu kuliko alivyoihitaji utotoni. Wajapani nao walikuwa na desturi inayofanana na yetu: mzee alikaa na mtoto mkubwa wa kiume, na mke wa mtoto huyo ndiye aliyemhudumia. Mwaka 1972 mwandishi wa kike aitwaye Ariyoshi Sawako alitoa kitabu cha hadithi juu ya mwanamke anayemlea baba wa mumewe aliyepotewa na akili kwa uzee. Kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Hakikuwa na ajabu yoyote ndani yake. Kilisema tu yale ambayo wanawake wengi waliyajua na kuyanyamazia.

Mwaka 1983 mwanamke mwingine, Higuchi Keiko, aliunda chama cha wanawake cha kutengeneza hali ya wazee. Walisema kwa uwazi ya kuwa kumlea mzee ni kazi ya umma wote, na kwamba si haki aachiwe mkaza mwana peke yake mpaka naye augue. Maneno yao yalisikilizwa. Mwaka 1997 sheria ya bima ya kuwatunza wazee ilipitishwa, na mwezi wa Aprili mwaka 2000 ikaanza kutumika.

NAMNA BIMA HIYO INAVYOKWENDA

Kila mtu aliyetimiza miaka 40 hutoa fungu lake. Nusu ya gharama hutoka katika mafungu hayo, na nusu hutoka katika kodi za serikali. Mzee akianza kudhoofika, baraza la mji wake humpeleka mtu wa kumpima: je, aweza kuinuka? aweza kuoga? aweza kula kwa mkono wake? Kwa majibu hayo hutiwa katika moja ya daraja saba. Kisha hupangiwa mtu maalumu ambaye kazi yake ni kukaa na mzee pamoja na jamaa zake, na kuandika ratiba ya wiki: siku gani atakuja mtu kumwosha, siku gani atachukuliwa kwa gari asubuhi kwenda katika nyumba ya mchana, akaoge, ale, anyooshe viungo na azungumze na wenziwe, kisha arudishwe kwake jioni. Mzee mwenyewe hulipa kumi moja tu ya gharama. Mwenye kipato kikubwa hulipa zaidi.

Liko jambo moja katika sheria hiyo ambalo lilijadiliwa sana. Baadhi ya watu walitaka familia zipewe fedha taslimu. Wanawake wale walikataa, wakasema: mkitoa fedha, fedha itaingia mfukoni mwa mume, na mke atabaki kitandani kwa mzee vile vile. Basi ikakubaliwa ya kwamba kitakachotolewa ni msaada wa mikono wala si fedha. Hapa pana mazingatio makubwa. Mwenye kuchoka kwa kunyanyua mwili wa mtu mzima usiku mara nne hapumzishwi na noti. Hupumzishwa na mtu mwingine anayekuja na kumwambia, nenda kalale.

Na sisi Waislamu tuna hoja zaidi. Aya ile tuliyoitaja yamsemesha mtoto. Ni yeye aliyeamrishwa kuwainamishia wazazi wake bawa la unyenyekevu. Wanavyuoni wengi wamebainisha ya kuwa mke halazimiki kisheria kuwahudumia wazazi wa mumewe. Akiwahudumia, hiyo ni ihsani yake, ana thawabu kwayo, na mume pamoja na nduguze wana deni la shukrani juu yake. Lakini wangapi kati yetu wamemfanya mke kuwa badali wao, yeye atende wema nao wahesabu thawabu? Mtoto wa kiume ambaye mama yake hajapata hata siku moja kunyweshwa uji kwa mkono wake, na ajiulize atajibu nini mbele ya Mola wake.

MZEE ASIFANYWE MZIGO KABLA YA WAKATI WAKE

Jambo la pili walilolifahamu watu wa Asia ni kwamba afya ya uzee hutengenezwa kabla ya uzee, na kwamba mzee mwenye nguvu asikalishwe kama mgonjwa.

Mwaka 1989 Wajapani walianza kampeni ya meno. Makusudio yake ni mtu afikie miaka 80 hali ana meno yake 20 kinywani, kwa sababu asiyeweza kutafuna hula vyakula laini tu, mwili hukosa nguvu, akaanguka, akalazwa. Walipoanza, wazee waliofikia daraja hiyo hawakuwa hata mmoja katika kumi. Kwa hesabu ya mwaka 2016 walikuwa nusu. Nasi ambao Mtume wetu (S.A.W.) alitusisitizia mswaki mpaka akakaribia kutulazimisha, twastahili kuona haya tukiwaona wazee wetu hawana jino hata moja wakiwa na miaka 60.

Tangu mwaka 1928 redio ya Japani hutangaza mazoezi mepesi ya viungo, na wazee hukusanyika viwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakafuata pamoja kwa dakika chache. Katika kisiwa cha Okinawa, kilichokuwa mashuhuri kwa watu wa umri mrefu, wazee walikuwa na kauli ya kumkumbusha mtu aache kula pale tumbo linapojaa sehemu nane katika kumi. Sisi tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kilicho bora kuliko hicho: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Wanaume wa Okinawa walipoziacha desturi za wazee wao, wakapenda nyama nyingi na vyakula vya kukaangwa, waliteremka katika hesabu ya umri wa kuishi mpaka daraja ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani. Hiyo ilikuwa hesabu ya mwaka 2000, nayo iliwashtua wote. Basi uzima wao haukuwa katika damu wala udongo. Ulikuwa katika mwendo.

Tena kuna kazi. Mwaka 1975 mjini Tokyo kilianzishwa kituo cha kuwatafutia kazi nyepesi watu waliokwisha kustaafu, na leo vituo vya namna hiyo vimeenea nchi nzima, vina wanachama karibu laki saba. Mmoja hupogoa miti, mwingine huandika bahasha kwa khati nzuri, mwingine huwavusha watoto barabara wakienda skuli. Malipo ni madogo. Lakini mzee anayengojewa mahali saa mbili asubuhi huamka, huoga, huvaa nguo safi, na hutoka nje. Wahenga wetu walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno hilo litanusurikaje, ikiwa mzee mwenyewe amewekwa chumba cha uani na hakuna anayemwuliza kitu?

MARADHI YA KUSAHAU

Msiba mzito katika uzee ni kupotewa na kumbukumbu. Mzee huuliza jambo moja mara kumi, hushuku kwamba ameibiwa, hutoka usiku akapotea. Katika mitaa yetu wako wanaomcheka, na wako wanaosema amerogwa, wakatumia mali nyingi kwa waganga. Haya ni maradhi ya ubongo, kama yalivyo maradhi ya moyo au ya ini.

Wajapani walianza kwa kutengeneza ndimi zao. Neno la zamani walilolitumia kwa maradhi haya lilikuwa na maana ya upumbavu. Mwaka 2004 serikali ililiondoa, ikaweka neno jipya lisilo na matusi. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafundisha watu wote, wenye maduka, makarani wa benki, askari polisi, hata watoto wa skuli. Ni darasa moja la saa moja na nusu: maradhi haya ni nini, na ukikutana na mzee aliyechanganyikiwa useme naye vipi, yaani kwa upole, kutoka mbele yake wala si kwa nyuma, bila ya kumharakisha wala kumbishia. Aliyemaliza darasa alikuwa akipewa kikuku cha rangi ya chungwa. Waliofunzwa wamepita milioni kumi.

Katika mji wa Omuta walizidi hapo. Tangu mwaka 2004 hufanya zoezi: mtu hujifanya mzee aliyepotea, hutembea mitaani, na khabari zake hupelekwa kwa watu wa mji ili wamtafute, wamsemeshe vizuri, na wamrudishe kwao. Ujirani huo ni wa kwetu kwa mafundisho ya dini. Wao wameufanyia mazoezi.

SHERIA YAWEZA KIASI GANI?

Nchi nyingine zilishika njia ya sheria. Singapuri ilipitisha mwaka 1995 sheria iliyoletwa bungeni na Walter Woon, ambayo kwayo mzazi wa miaka 60 na zaidi asiyeweza kujilisha aweza kumshtaki mtoto wake katika baraza maalumu ili apate masurufu. Bara Hindi ilifuata kwa sheria yake ya mwaka 2007. Uchina, kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Julai 1, 2013, iliwaamrisha watoto wanaokaa mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara, na katika mwezi huo huo mahakama ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti amzuru mama yake wa miaka 77 kila baada ya miezi miwili.

Sheria hizi zina manufaa, kwani tumbo la njaa halingojei mtoto atubu. Lakini hakimu aweza kumfikisha mtoto mlangoni kwa mama yake. Hawezi kumtia huruma moyoni. Kwa hiyo Singapuri haikukomea hapo. Tangu mwaka 2015 hutoa msaada wa fedha kwa anayenunua nyumba ya kukaa pamoja na wazazi wake au karibu nao. Tangu mwaka 2009 mzee hugusisha kadi yake kwenye mlingoti wa taa za barabarani, na taa humwongezea sekunde za kuvuka. Mwaka 2018 kilifunguliwa Kampung Admiralty, jengo lenye nyumba 104 za wazee juu, na humo humo pana matabibu, soko la vyakula, pahala pa wazee kukutania, na pahala pa kulelea watoto wadogo. Neno kampung ni la Kimalayu, maana yake kijiji. Walitaka mzee akishuka ngazi asikie sauti za watoto.

NDUGU ZETU WA JAVA

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya matajiri tu. Indonesia, nchi ya Waislamu wengi kuliko nchi zote, ina desturi nyepesi ambayo kila kijiji chaiweza. Mara moja kila mwezi wazee hukusanyika barazani au katika nyumba ya mmoja wao. Wanawake wa kijiji hicho hicho, waliofunzwa kidogo na wauguzi, huwapima uzito na shindikizo la damu, huandika katika daftari, hufanya nao mazoezi, na huwagawia chakula chepesi. Mwenye dalili mbaya hupelekwa kwa daktari. Kwa kipimo hicho kimoja mtu hugundua shindikizo la damu kabla halijamletea kiharusi, na mzee asiyepooza ni jamaa nzima iliyookoka.

Tena katika kijiji cha Payaman, wilaya ya Magelang, kipo chuo kiitwacho Pondok Sepuh. Sepuh kwa Kijava ni mzee. Mwezi wa Ramadhani huja wazee wanaume na wanawake, wakakaa humo, wakasali jamaa, wakasoma Kurani na kusikiliza darsa. Wengine ndio kwanza wasahihishe Fatiha yao wakiwa na miaka 70. Hakuna anayewacheka, kwani wote ni wanafunzi. Huko mzee hatazamwi kwa kile alichopungukiwa. Hutazamwa kwa kile anachokitafuta, nacho ni mwisho mwema.

WALICHOKIKOSA

Insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Kwa hesabu ya polisi wa Japani ya mwaka 2024, watu zaidi ya 76,000 walikufa peke yao majumbani mwao, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa na miaka 65 na zaidi. Wengine hawakujulikana mpaka zikapita siku nyingi. Huko huko imetengenezwa mashine yenye umbo la mtoto wa mnyama wa baharini na manyoya meupe, iitwayo Paro, ambayo mzee huipakata na kuipapasa ili apate faraja. Yasemekana humtuliza. Lakini mashine haitamlakinia shahada.

Hawa wana mpango mzuri, ila jamaa wamepungua. Sisi jamaa tunao bado, ila mpango hatuna. Tusingoje mpaka tukose vyote viwili.

YATUPASAYO

Pengine mtu atasema: haya ni mambo ya makafiri, yatuhusu nini? Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni, akamshika mkono, akamwondolea kodi, na akaamrisha yeye na wenziwe wapewe fungu katika Baitulmali. Basi kuwawekea wazee utaratibu ni sunna ya Makhalifa wetu kabla ya kuwa sheria ya Tokyo. Na Zanzibar ilifuata njia hiyo mwaka 2016, ilipoanza kumpa pensheni ya kila mwezi kila mzee aliyetimiza miaka 70. Yaliyobaki ni yetu wenyewe, nayo si magumu.

Kwanza, kila jamaa yenye mzee na ikae kikao kimoja, wanaume kwa wanawake, waandike katika karatasi: nani atamwogesha siku gani, nani atalala naye usiku gani, nani atampeleka hospitali, na nani aliye mbali atatoa kiasi gani kila mwezi. Mzee mwenyewe aulizwe, na asipangiwe kama mtoto. Yasiyoandikwa humwangukia mwenye haya.

Pili, anayemlea mzee apewe siku yake ya kupumzika katika kila wiki, na siku hiyo iheshimiwe. Anayelemewa bila ya kusaidiwa mwisho hutoka ulimini mwake lile neno lililokatazwa, na waliomwacha peke yake wana fungu katika dhambi hiyo.

Tatu, vyuo vyetu vya Kurani huwa vitupu asubuhi, watoto wakiwa skuli. Mikeka ipo, maji yapo, na kivuli kipo. Kwa nini isiwe kwamba asubuhi mbili katika wiki wazee wa mtaa waletwe hapo? Wasome Kurani pamoja, wanyooshe viungo, wanywe uji, na mara moja kwa mwezi muuguzi mmoja katika jamaa wa msikiti awapime shindikizo la damu. Mwenye nguvu abaki mpaka watoto warudi, awasikilize juzuu zao. Gharama yake ni ndogo kuliko ya maulidi moja. Na kwa saa zile nne, binti yule aliyeko nyumbani atafua, atalala, au atakwenda kwa shoga yake, kisha mama akirudi atapokewa kwa uso mkunjufu.

Nne, tuwafundishe watoto wetu kusema na mzee aliyesahau. Akiuliza mara ya kumi, ajibiwe mara ya kumi. Nasi tulipokuwa wadogo tuliuliza zaidi ya hapo, na tulijibiwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu Awape wazee wetu afya na mwisho mwema, Awalipe kheri wanaowalea, na Atujaalie nasi, tukifikia umri huo, tupate mikono ya huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.